Pua za Jana Zimefanana

Katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa yake, Fundi Gundi hakuwahi kukalia kiti chenye mito nyumbani kwa mama mkwe wake. Si kwamba alikatazwa. Kila alipokikaribia, mama mkwe alikumbuka kuwa kiti kile kina msumari uliochomoza, akamwonyesha kwa upole benchi la mbao karibu na mlango. Wageni wengine walikikalia na hakuna aliyewahi kulalamika kuchomwa.

Sababu ilijulikana ingawa haikusemwa. Mama mkwe alikuwa mtu wa Juu, na mkwewe alikuwa mtu wa Chini.

Mji wao ulijengwa mteremkoni, na barabara kuu iliukata katikati kama mkanda unavyokata kitambi. Zamani waliokaa juu ya barabara walikuwa makarani, walimu na mahakimu, na waliokaa chini yake walikuwa wapagazi, madobi na mafundi. Siku hizi watu walikuwa wamehamahama na kuchanganyika kama nguo kwenye beseni, lakini kila mmoja alimjua mwenzake ni wa wapi, na asiyejua aliuliza jina la babu. Ilisemwa kwamba Wa Juu walitoka mbali sana, wakaja na pua nyembamba na akili ya kutawala. Wa Chini, ilisemwa, Mungu aliwajalia mabega. Mama mkwe alipenda kuyazungumza haya wakati wa chai, huku akimtazama mkwewe pua kwa macho ya huruma.

Fundi Gundi mwenyewe alikuwa na mabega membamba kama kiango cha nguo. Maisha yake yote alijalidi vitabu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya posta, chenye meza ndefu, mashine ya chuma ya kukandamizia, sindano, nyuzi zilizopakwa nta, na sufuria ya gundi ambayo haikuwahi kuoshwa ikatakata. Alishona daftari za shule, majalada ya mahakama na kamusi za watoto zilizochanika migongo. Maneno ya mama mkwe aliyameza na chai yake. Akirudi nyumbani, mkewe alimuuliza, "Leo amekusema nini?" naye alimjibu, "Leo amesema nina bidii," wakacheka wote wawili, kwa sababu walijua bidii ni sifa anayopewa punda.

Kwa hiyo mtu angedhani yeye, kwa jinsi alivyosimangwa, angekuwa mwepesi wa kuwapokea wengine. Haikuwa hivyo. Binti yao, aliyefundisha hesabu na ambaye nyumbani waliishia kumwita Mwalimu, alipomweleza kwamba kuna kijana muuguzi anataka kuleta posa, Fundi Gundi aliuliza swali moja tu.

"Kwao wapi?"

"Hapa hapa mjini, baba. Amezaliwa hapa."

"Najua amezaliwa hapa. Nauliza kwao."

"Ni wa kina Wakuja."

Wakuja lilikuwa fungu la tatu, lililokuwa chini ya Wa Chini. Walikaa kote mjini na hawakuhesabiwa kuwa wa popote. Fundi Gundi akaweka kikombe mezani.

"Wakuja ni watu wazuri," akasema. "Lakini."

"Lakini nini?"

"Lakini ni Wakuja, mwanangu. Mtu asiye na mizizi hamalizi anachokianza."

"Jipu la mgongoni mwako mwaka jana ni nani aliyelitumbua?"

Fundi Gundi akajikuna mgongo.

"Alimaliza au hakumaliza?" akauliza Mwalimu, akatoka kwenda zake. Mkewe alikuwa anakunja nguo pembeni. Aliyaficha meno yake ndani ya shuka, ila mabega yalimtikisika.

Wiki hiyo hiyo karani wa masjala ya wilaya alimletea Fundi kazi. Kilikuwa kitabu kikubwa kilichofungwa kwa kitambaa cha shuka, jalada lake limeliwa na mende na kurasa zake zimelegea kama meno ya kikongwe. Karani alisema ni daftari la kwanza la kuandikisha watu, la enzi za wakoloni, na kwamba linatakiwa kupelekwa hifadhi kuu ya nyaraka Jumatatu, baada ya wiki mbili.

"Ushone vizuri," karani akasema. "Hakuna nakala nyingine."

Fundi Gundi hakuwa na tabia ya kusoma alichokishona. Angesoma kila kitu, angekufa njaa. Lakini alipokuwa anakata nyuzi kuukuu, macho yake yaliangukia mwandiko. Haukuwa mwandiko wa mkoloni. Ulikuwa wa karani mwenyeji, mzuri, umelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, na uliandikwa kwa lugha yake mwenyewe. Akavuta kiti.

Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba Bwana Mkubwa ameshachora barabara, na sasa anataka watu wagawanywe ili kazi igawanyike. Wenye vibanda juu ya mchoro waandikwe Wa Juu, wafundishwe kusoma, kwa kuwa wako karibu na nyumba yake na hatapenda kungoja karani apande mlima. Wenye vibanda chini ya mchoro waandikwe Wa Chini, wabebe mizigo, kwa kuwa mizigo inashukia huko.

Basi. Hakukuwa na kutoka mbali wala damu.

Fundi Gundi akasoma tena, kidole kikifuata mstari. Kisha akafika siku ya nne, ambapo karani yule aliandika: *Leo tumepima pua za Wa Juu arobaini na za Wa Chini arobaini kwa chuma maalumu. Bwana ameagiza pua zipimwe upya kesho, kwa kuwa pua za jana zimefanana.* Na siku ya tano: *Tumepima tena. Bado. Bwana amesema tuchague wengine.* Na siku ya saba: *Zimetofautiana. Bwana amefurahi, tumepewa mapumziko.*

Fundi Gundi alicheka mpaka mwenye duka la jirani akachungulia dirishani kuuliza kama ni mzima.

Aliyoyasoma baadaye ndiyo yaliyomfanya ainuke. Katika orodha ya Wa Chini palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja alikuwa mpagazi, na jina lake halikuguswa. La mwenzake lilikatwa kwa wino mwekundu, na kando yake karani akaandika: *Amehamishiwa Juu leo. Ni mpishi wa Bwana, na Bwana amesema haifai mtu wa Chini kushika chakula chake.* Jina lile Fundi Gundi alilijua. Kila mtu aliyewahi kunywa chai kwa mama mkwe alilijua, maana picha ya mwenye jina ilitundikwa juu ya kabati, na ukisahau kuisifu ulikumbushwa. Alikuwa baba yake mama mkwe.

Mchana ule hakushona kitu. Alizunguka meza akiiambia sufuria ya gundi maneno aliyokuwa ameyahifadhi kwa miaka ishirini na mitatu. "Mama," aliiambia sufuria, "nimekuja na bidii yangu." Hapana. "Mama, naomba nikusomee kidogo." Hiyo ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa na adabu, na adabu huuma.

Ili ajizatiti zaidi, akaendelea kufunua. Ndipo alipokuta orodha ya tatu, fupi, iliyobanwa mwishoni. *Hawa walikuwa soko la ng'ambo ya mto siku za kuandikishwa. Wamerudi leo. Bwana amesema orodha zimeshafungwa, waandikwe kando, wakuja. Mmoja wao analalamika kwamba amezaliwa hapa, na kwamba uwanja huu tulioweka meza ni wa nyumba ya baba yake. Bwana amesema aandikwe hivyo hivyo.*

Fundi Gundi akakaa. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini hawakusema nyani afanye nini siku akiletewa kioo. Kwa muda mrefu alitazama ule mstari mmoja. Alijaribu kumtafutia yule mlalamikaji kosa. Lililopatikana lilikuwa moja tu, kwamba siku hiyo alikwenda sokoni.

Hata hivyo Jumamosi alikwenda kwa mama mkwe na kitabu kwapani. Mtu hakai na hoja miaka ishirini na mitatu kisha akaiacha nyumbani.

Alimkuta peke yake, anapanga vikombe. Alikuwa mama wa miaka sabini na sita, mwembamba, aliyenyooka kama aliyeambiwa anapigwa picha. Fundi akasalimia, akakaa kwenye benchi, akafungua kitabu magotini.

"Mama, naomba nikusomee kidogo."

"Soma, mkwe wangu. Macho yangu hayafai siku hizi."

Akasoma habari ya barabara. Mama mkwe akaendelea kupanga vikombe. Akasoma habari ya pua. Mama mkwe akaguna kidogo, labda kicheko. Akasoma habari ya mpishi, sauti yake ikawa inapungua kadiri alivyosogea mbele, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba kumwaibisha mama mzee mchana kweupe, chumbani mwake, si kutamu kama alivyoiambia sufuria.

"Umeruka neno," mama mkwe akasema.

"Nimeruka?"

"Hakuwa mpishi wa kawaida. Alikuwa mpishi mkuu. Angalia vizuri."

Fundi akaangalia. Hakukuwa na neno *mkuu*. Ndipo alipoelewa.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Mama mkwe akaketi kwenye kile kiti chenye mito, taratibu. "Nilikuwa na miaka tisa," akasema. "Baba mkubwa alikuwa na binti wa umri wangu. Tulikuwa tunalala jamvi moja. Bwana aliyekuja baada ya yule wa kwanza akasema watoto wa mpishi wasionekane kule chini, watamletea maradhi. Tukahamia huku. Baba akanifundisha kutembea. Kila jioni, kutoka mlangoni hadi dirishani, kidevu juu. Akaniambia nikikutana na yule binti barabarani, nitazame mbele."

"Ukatazama mbele?"

"Mpaka leo. Anafuma vikapu pale chini ya posta, mlango wa tatu kutoka kwako. Unamjua."

Fundi Gundi alimjua. Alinunua kwake kikapu cha kuwekea vipande vya ngozi. Bibi mmoja mwenye ulimi mkali, ambaye hakuwahi kumpunguzia mtu bei.

Kisha mama mkwe akasogeza kichwa kuelekea kitabu, akasema kwa sauti laini sana, ile aliyoitumia kwa habari ya msumari, "Karatasi za zamani hupotea, si ndiyo? Mende. Unyevu."

"Hupotea."

"Basi na hiyo moja."

Fundi Gundi akavuta pumzi. "Mama, kitabu hakishonwi karatasi moja moja. Karatasi moja hukunjwa katikati ikawa kurasa mbili, moja mbele na moja nyuma. Ukiuchomoa huu wa kwako, mwenzake wa nyuma unaanguka."

"Na wa nyuma una nini?"

Hili hakuwa amejiandaa kulisema. Akasoma habari ya Wakuja, haraka haraka, akitegemea masikio ya uzee. Mama mkwe akamrudisha. "Hapo pa uwanja. Tena." Akarudia. Mama mkwe akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga.

"Kwa hiyo wale ndio wenye mji," akasema. "Na wewe umemkataa yule kijana."

"Nani kakwambia?"

"Binti yako alikuja kunililia hapa. Nikamwambia mvumilie baba yako, mjukuu wangu, yeye ni mtu wa Chini, hawajui kuchanganyika na watu."

Fundi Gundi akafunga kitabu. Katika mabishano yote aliyowahi kushindwa ndani ya chumba kile, hili ndilo alilostahili kushindwa.

Alishona kitabu siku mbili bila kuinua kichwa. Kila ukurasa ulikaa mahali pake. Alipofika kwenye ile karatasi iliyobeba mpishi upande mmoja na Wakuja upande wa pili, aliibandikia ukanda wa karatasi nyembamba mkunjoni ili isichanike tena, akapitisha uzi mara mbili. Jioni alimwambia mkewe, akiwa anaosha mikono, kwamba wale wa posa wanaweza kuja Jumamosi.

"Ambao hawamalizi wanachokianza?" mkewe akauliza.

"Hao hao."

Muuguzi alikuja na shangazi yake na mjomba wake aliyekuwa kinyozi. Sebule ilifagiliwa mara tatu. Mama mkwe alialikwa na alikuwa hajafika. Kijana alikaa na mikono magotini, kama anayesubiri kudungwa sindano, na Mwalimu alipita na sinia mara nyingi kuliko chai ilivyohitaji. Mambo yalikwenda vizuri mpaka shangazi alipokohoa.

"Tumefurahi kupokelewa," shangazi akasema. "Binti tunampenda. Lakini tusifichane, sisi nyumbani tulikuwa na wasiwasi kidogo."

"Wasiwasi gani, shemeji?" Fundi Gundi akauliza.

"Si kwa ubaya. Watu wa Chini ni watu wazuri." Akasita. "Lakini."

Fundi Gundi alihisi masikio yanamchemka. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza, si kwa nguvu. Hotuba ile aliijua, aliitunga mwenyewe.

"Inasemekana," shangazi akaendelea, "mliwabebea wakoloni mizigo yao kwa hiari. Sisi hatukubeba cha mtu."

"Dada," kinyozi akamnong'oneza.

Mlango ukabishwa. Alikuwa mama mkwe, kidevu juu kama alivyofundishwa, na mkononi amemshika mfumaji wa vikapu. Wote wawili walikuwa na vumbi miguuni na nyuso za watu ambao wamegombana njia nzima. Baadaye ilijulikana kwamba mfumaji alimwacha mlangoni kwake karibu saa nzima kabla ya kumfungulia, akimwuliza kupitia dirishani kama shingo imepona.

"Mtanisamehe kuchelewa," mama mkwe akasema. "Nilikuwa namchukua ndugu yangu. Huyu ni binti wa baba yangu mkubwa, mzaliwa wa Chini. Na mimi ni mzaliwa wa Chini, ila baba yangu alijua kupika."

Mkewe Fundi Gundi, ambaye aliolewa na mtu wa Chini akiamini anashuka, alimtazama mama yake kama mtu aliyeambiwa kwamba ngazi aliyoiogopa maisha yake yote haikuwa na hata kipandio kimoja.

"Mama," akasema, "umeficha hili miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa nangoja uniulize," mama mkwe akajibu, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo. Kisha akamgeukia shangazi. "Na nyinyi msijivunie sana. Hamkubeba mizigo kwa sababu mlikuwa sokoni. Muulizeni mkwe wangu, kitabu kilichoandikwa hayo anacho."

Mfumaji wa vikapu alikuwa ameshakaa, bila kuelekezwa, mahali palipo laini zaidi. "Kijana ni yupi?" akauliza. Muuguzi akainua mkono kidogo. Bibi akamkagua kuanzia viatu. "Huyu alinifunga kidonda cha mguu. Hakunifokea. Mwozeni huyu msichana twende tukale." Kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote mle ndani, na kwa kuwa kinyozi aliitikia upesi kabla dada yake hajavuta pumzi, posa ikapita.

Walipokuwa wanaagana, shangazi alibaki nyuma. Alizungusha mkoba wake mkononi, akauliza kwa sauti ya chini, "Hicho kitabu mnachokisema. Kinaonekana?"

"Kinaondoka Jumatatu," Fundi Gundi akasema. "Lakini kesho niko karakana tangu asubuhi."

Alikuja kweli, amevaa nguo za kutokea, kama anayekwenda kumtazama mgonjwa wa heshima. Fundi akapangusa meza, akamfungulia ukurasa. Jina la mlalamikaji lilikuwa la babu yake. Shangazi hakujua kusoma vizuri, au alisema hajui, akaomba asomewe. Akaomba tena. Fundi Gundi akamsomea mara tano, akitamka polepole pale pa kuzaliwa hapa na pale pa uwanja wa baba yake, na kila mara akitaka kusema pole na kila mara neno likigoma. Mara ya tano likatoka.

"Nami nilimkataa kijana wako mwanzoni," akaongeza. "Kwa sababu hii hii."

"Najua," shangazi akasema. "Nami nilimkataa binti yako." Akatazama sufuria ya gundi, akauliza kwa nini mtu mzima hawezi kuosha chombo chake.

Harusi ilifungwa baada ya miezi minne. Mji haukubadilika kwa ajili yake. Fomu za ofisini bado zina nafasi ya kujaza jamii, na wapo wanaohamia upande wa juu wa barabara ili tu waweze kusema wamehamia. Mfumaji wa vikapu huja kwa mama mkwe kila Ijumaa, na kila Ijumaa huondoka amenuna. Na mama mkwe sasa husimulia wageni habari za daftari mwenyewe, bila kuombwa, na habari hizo zinazidi kunenepa. Mara ya mwisho Fundi Gundi alipomsikia, mpishi yule alikuwa amekataa kuhamishiwa Juu mara tatu, na Bwana Mkubwa alipiga magoti jikoni akimbembeleza.